Kusoma fuvu la mjusi-nyungunyungu: mfupa mkavu, rangi au CT?

Mwanafunzi wa zuolojia wa Maseno, Egerton au Masinde Muliro akichagua mijusi-nyungunyungu (Amphisbaenia, reptilia wachimbaji wenye umbo la nyungunyungu) kuwa mradi wake, hukwama mapema kwenye jambo moja: fuvu atalisomaje? Fuvu la spishi nyingi za kundi hili halifiki hata sentimita moja na nusu, na vielelezo ni haba. Njia zinazotumika ni tatu: kulisafisha libaki mfupa mkavu, kuifanya nyama iwe angavu na kuipaka mifupa rangi, au kulipiga picha za CT ndogo, yaani eksirei inayoonyesha fuvu kipande kwa kipande. Mbili za kwanza zikishaanza hazirudi nyuma, ndiyo maana inafaa kuamua kabla ya kushika kisu.

Vigezo

Tutazipima zote tatu kwa mambo manne. Njia inaonyesha nini na inaficha nini? Kielelezo kinabaki katika hali gani? Inadai fedha, vifaa na muda kiasi gani kwa mtu aliye Kisumu, Kakamega au Nakuru? Na inaharibikia wapi? Kigezo cha kwanza ndicho kizito kuliko vyote, na hakipimiki mpaka ujue fuvu hili lina nini cha kutafutwa.

Cha kutafuta kwenye fuvu

Mjusi-nyungunyungu huchimba kwa kichwa. Spishi 3 za Bipes wa Meksiko zina miguu ya mbele. Wengine wote hawana mguu hata mmoja, na nguvu yote ya kusukuma udongo hupitia puani hadi kisogoni. Kwa hiyo fuvu ni zito na limefungwa pande zote. Matao ya mfupa ambayo mijusi wengi wanayo pembeni mwa kichwa, nyuma ya jicho, hapa hayapo. Frontali na parietali, mifupa ya paji na utosi, zimeingiliana kama vidole vya mikono miwili iliyofumbatana, na ndiyo sababu paji halipindi mnyama anapogonga udongo mgumu. Mifupa ya kisogo imeungana kuwa kipande kimoja na ile ya sakafu ya ubongo. Mbele ya ubongo, ambapo mijusi wengine wana utando na gegedu tu, pamezibwa na mfupa wa orbitosfenoidi.

Tazama meno. Kwenye premaksila, mfupa wa mbele kabisa wa taya ya juu, kuna jino moja kubwa la katikati, na taya zikifungwa jino hilo huingia kati ya meno mawili ya mbele ya taya ya chini. Ni alama nzuri sana ya kundi zima. Kisha angalia meno yameshikwaje. Katika familia ya Trogonophidae yameungana na ukingo wa taya kwa juu na hayabadilishwi. Katika familia nyingine yamebandikwa upande wa ndani wa taya, na hung'oka na kuota upya.

Halafu sikio. Kiwambo cha nje hakipo. Mfupa wa stapesi, kifupa kinachopeleka mtikisiko kwenye sikio la ndani, una kitako kikubwa kisicho cha kawaida kwa mnyama mdogo hivi, na kutoka hapo kijiti cha ekstrakolumela huelekea mbele kandokando ya taya hadi kwenye ngozi ya uso. Mtikisiko unaoguswa na uso huingia sikioni kwa njia hiyo. Shika jambo moja hapa, kwa sababu litaamua mengi huko mbele: mara nyingi kijiti hicho ni gegedu.

Kwa hesabu ya sasa kuna karibu spishi 200 katika familia 6. Rhineuridae imebakiwa na spishi moja hai, Rhineura floridana, huko Florida na jirani yake. Bipedidae ndio hao wenye miguu ya mbele. Blanidae wako pande za Mediterania, Cadeidae ni spishi 2 za Kuba. Trogonophidae wako Afrika Kaskazini, Uarabuni, Pembe ya Afrika na Sokotra. Waliobaki, wengi kupita wote, ni Amphisbaenidae wa Afrika kusini mwa Sahara, Amerika Kusini na Karibi.

Vichwa vina maumbo manne: cha mviringo, cha sepeto kilichobapa juu na chini, cha mkuku kilichobanwa ubavuni, na cha Trogonophidae chenye uso uliokatika na kingo kali pembeni, ambao mnyama huuzungusha kulia na kushoto akikwangua ukuta wa shimo. Hapa ndipo wengi hukosea. Rhineura wa Florida na Monopeltis wa Afrika wote wana kichwa cha sepeto, na miti ya ukoo iliyojengwa kwa mifupa peke yake iliwaweka karibu. DNA inasema vingine: Rhineuridae walitengana na wengine wote mapema kabisa, na sepeto lilitokea zaidi ya mara moja kwa sababu kazi ni ile ile. Vivyo hivyo kwa kundi zima. Mifupa huwavuta karibu na nyoka na mijusi wengine wasio na miguu, ilhali tafiti za DNA tangu 2004 na 2005 zimewaweka kando ya Lacertidae, mijusi wa kawaida wenye miguu minne. Kwa hiyo umbo la jumla ni ushahidi dhaifu wa ukoo. Vitu vidogo, kama jinsi meno yalivyoshikwa, mpaka kati ya mfupa na mfupa au mpangilio wa sikio, vina uzito zaidi, na njia utakayochagua lazima ivionyeshe hivyo.

Njia ya kwanza: mfupa mkavu

*Inaonyesha* umbo la nje, meno, vishimo vya mishipa na mishono ya juu, yaani mistari ambapo mfupa hukutana na mfupa. Kwa hadubini ya kupasulia yenye ukuzaji wa mara 10 hadi 40 utaona kila kitu cha nje, na utaweza kulishika, kuligeuza na kulipima kwa kalipa. Hakuna picha inayomfundisha mwanafunzi haraka kama fuvu lililo mkononi. *Inaficha* ndani yote, na gegedu huondoka kabisa. Ekstrakolumela, isahau.

*Kielelezo* hakina nyama tena. Ngozi na magamba ya kichwa, ambayo ndiyo hutumika kutambua spishi, yamekwenda pia. Piga picha za kichwa kwa juu, chini na ubavuni, na uhesabu pete za mwili kabla ya kuanza.

*Kazi yenyewe:* chuna ngozi, toa ulimi na macho kwa koleo nyembamba, kisha chagua kati ya mbawakawa na maji. Mbawakawa wa Dermestes ni wale wale wanaotoboa samaki wakavu, na wauzaji wa omena Kisumu wanawafahamu vizuri. Kundi lenye nguvu humaliza kichwa kidogo hivi kwa siku 1 hadi 3. Wape nyama iliyokauka kidogo. Mbichi huota ukungu, na iliyokaa kwenye formalini hawaigusi vizuri. Kagua asubuhi na jioni, maana nyama ikiisha huanza kutafuna mifupa myembamba. Ukitoa fuvu, lifunge kwenye mfuko na uliweke kwenye friza la nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku kadhaa ili mayai yafe, la sivyo utawapeleka kwenye kabati la ngozi zilizohifadhiwa. Kundi lenyewe likae mbali na stoo yoyote ya vyakula.

Kwa maji, yaani kuiacha nyama ioze yenyewe, weka kichwa kwenye chupa ndogo yenye mdomo mpana, maji ya nyuzi 30 hadi 37, na umwage nusu kila siku 2 au 3 kupitia kitambaa cha chandarua. Wiki 1 hadi 3 zinatosha. Usiku wa Nakuru ni wa baridi na kazi husimama. Tumia sanduku lenye balbu. Kisumu joto la chumba hukaribia kutosha.

*Inaharibikia wapi?* Meno ya pembeni mwa taya hulegea na kudondoka, yakatoka na maji yanayomwagwa. Ndiyo kazi ya chandarua. Mnyama mchanga husambaratika mishono ikiwa bado wazi. Na dawa ya klorini ya kufulia isikaribie mfupa: hula protini inayoushika na mfupa hugeuka unga miezi kadhaa baadaye. Kung'arisha kunahitaji haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 tu, inayouzwa kwenye duka lolote la dawa, kwa saa chache ukiangalia.

*Inamfaa* mwalimu anayetaka kitu cha kudumu darasani, na mtafiti wa meno na taya mwenye vielelezo zaidi ya kimoja. Ndiyo njia nafuu kuliko zote.

Njia ya pili: nyama angavu, mifupa yenye rangi

*Inaonyesha* mfupa kwa rangi nyekundu au zambarau na gegedu kwa buluu, kila kimoja mahali pake. Hakuna kinachodondoka, kwa sababu tishu bado zimeshika. Kwa ekstrakolumela na mifupa ya koo haina mshindani, na kwa wanyama wachanga, ambao mifupa yao bado inaota, ndiyo njia ya kwanza kufikiriwa. *Inaficha* ndani ya kasha la ubongo: kwa mtu mzima mfupa ni mnene, rangi hushika sana na mwanga haupiti. Mishono iliyofungana sana nayo haionekani vizuri.

*Kielelezo* hubaki kizima ndani ya glisirini, ila bila ngozi na bila matumbo, na DNA yake haitarajiwi tena.

*Kazi yenyewe* ni ndefu na kila hatua ina sababu, basi tuifuate polepole. Kielelezo kiwe kimetulizwa kwa formalini ya asilimia 10 iliyosawazishwa asidi yake. Hili ndilo jambo linaloua kazi nyingi: formalini isiyosawazishwa huwa asidi inapozeeka, hula kalsiamu, na mifupa isiyo na kalsiamu haitapokea alizarini, rangi nyekundu ya mifupa, hata uiloweke mwezi mzima. Kielelezo cha zamani kisichojulikana kilihifadhiwaje, jaribu kwanza ncha ya mkia.

Osha kwa maji siku 1 au 2, chuna ngozi, toa matumbo, kisha pandisha kwenye ethanoli ya asilimia 50 na baadaye 95. Andaa rangi ya buluu: miligramu 10 hadi 20 za alisiani buluu 8GX ndani ya mililita 60 za ethanoli ya asilimia 95 na mililita 40 za asidi asetiki kali. Kaa saa 12 hadi 24, usizidishe, kwa kuwa asidi hiyo nayo inakula mfupa. Hamishia kwenye maji yaliyoshiba boraksi ili asidi izimwe.

Kama nyama ni nyeusi, ing'arishe kwa mililita 15 za haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 ndani ya mililita 85 za potasiamu haidroksaidi ya asilimia 0.5. Ukiona viputo vinatokea ndani ya nyama, itoe. Vikikua hupasua tishu. Halafu tripsini, kimeng'enya kinachoyeyusha protini za nyama: mililita 30 za maji yaliyoshiba boraksi, mililita 70 za maji safi, na tripsini ya unga kama asilimia 1. Badilisha myeyusho ukigeuka buluu au ukichuja nguvu, hadi uone zaidi ya nusu ya mifupa kupitia nyama. Hatua hii ndiyo hula muda, na nyumba yenye baridi huiongezea wiki.

Kisha alizarini nyekundu, kidogo kidogo ndani ya potasiamu haidroksaidi ya asilimia 0.5 mpaka myeyusho uwe zambarau iliyokolea, kwa siku moja. Maliza kwa kupandisha glisirini: sehemu 3 za potasiamu haidroksaidi kwa 1 ya glisirini, halafu 1 kwa 1, halafu 1 kwa 3, mwishowe glisirini tupu yenye punje chache za thimoli kuzuia ukungu.

Maji yawe yaliyokenekwa. Maji ya visima vya Nakuru yana floraidi na madini mengi, usiyatumie. Maji ya betri ya kituo cha mafuta yanafaa ikiwa lebo inasema ni maji matupu. Asidi ya betri huuzwa rafu ile ile na itayeyusha kazi yako yote. Vaa glavu na miwani kwa formalini, asidi asetiki na potasiamu haidroksaidi, dirisha likiwa wazi.

*Fedha na muda:* kemikali za gramu chache zinatosha vielelezo vingi, kwa hiyo idara ikinunua mara moja wanafunzi kadhaa wanafaidi. Muda ni wiki 3 hadi 8.

*Inamfaa* anayesoma ukuaji, ekstrakolumela au koo, na mwenye subira ya kukagua chupa kila siku. Haimfai mwenye kielelezo kimoja tu cha thamani.

Njia ya tatu: CT ndogo

*Inaonyesha* ndani na nje bila kukata chochote: mifereji ya sikio la ndani, njia za neva, mizizi ya meno, na mahali hasa mfupa mmoja unapoishia na mwingine kuanza. Katika baadhi ya spishi kuna kifupa pembeni mwa sakafu ya fuvu ambacho wataalamu walikiita X, na mipaka yake hufuatwa vizuri zaidi kwenye vipande vya CT. Hata jiwe halizuii. Cryptolacerta hassiaca wa Messel, Ujerumani, mwenye umri wa miaka takriban milioni 47, alitangazwa mwaka 2011 baada ya fuvu lake kusomwa kwa CT likiwa bado ndani ya mwamba. *Inaficha* gegedu na misuli, isipokuwa kielelezo kimelowekwa kwanza kwenye iodini.

*Kielelezo* hubaki kilivyokuwa. Ndiyo faida yake kubwa.

*Vifaa:* CT ya hospitali usiifikirie. Vipande vyake vina unene wa nusu milimita au zaidi, na fuvu la milimita 10 litatoka vipande 20 visivyosema kitu. Kwa mishono unahitaji vokseli (chembe ndogo za picha ya pande tatu) za maikromita 10 hadi 20, yaani mashine ya CT ndogo. Ila huhitaji kupiga picha mpya. DigiMorph ya Chuo Kikuu cha Texas kule Austin na hazina ya MorphoSource zina mafuvu ya mijusi-nyungunyungu yaliyokwisha kupigwa, yakiwemo ya Diplometopon zarudnyi na Rhineura. Programu ya 3D Slicer, ya kufungulia na kuchambulia picha hizo, ni ya bure.

Hesabu bando kabla ya kubonyeza. Rundo la vipande 1,500, kila kimoja pikseli 1,000 kwa 1,000 za biti 16, ni gigabaiti 3. Pakua usiku kwa mtandao wa chuo, na kompyuta iwe na RAM ya gigabaiti 16 ukitaka kufanya kazi bila kuganda. Mfano wa uso pekee, kwenye faili la aina ya STL au PLY, ni mwepesi sana na unatosha kwa umbo la nje, lakini hauna ndani. Anayesoma sikio la ndani achukue vipande.

*Inaharibikia wapi?* Kwenye kutenganisha mifupa. Programu ikiambiwa ichague kwa mng'ao peke yake itaunganisha frontali na parietali kuwa kitu kimoja, kwa sababu pengo la mshono ni jembamba kuliko vokseli. Inabidi upite kipande kwa kipande, katika pande zote tatu, na hiyo ni kazi ya wiki kwa fuvu moja. Kosa jingine ni vipimo: ukisahau kuingiza ukubwa wa vokseli ulioandikwa kwenye faili la maelezo, kila urefu utakaopima utakuwa wa uongo. Na stima ikipotea bila kuhifadhi kazi, umerudi mwanzo.

*Inamfaa* anayelinganisha familia nyingi bila kuwa na vielelezo, na yeyote anayeuliza swali la ndani ya fuvu.

Kielelezo kinatoka wapi

Mijusi-nyungunyungu wanaojulikana vizuri Kenya, Geocalamus acutus, ni wa nyanda kavu za kusini-mashariki, pande za Voi. Anayechimba shamba Kakamega au Vihiga akakuta kitu cha namna hii amekuta, kwa kawaida, nyoka kipofu au mjusi asiye na miguu kama Feylinia currori wa msitu wa Kakamega. Nje, mjusi-nyungunyungu ana pete za magamba ya mraba mwili mzima na mkia mfupi butu. Wale wengine wana magamba laini yanayolaliana. Kwenye fuvu, nyoka kipofu wa familia ya Typhlopidae hana jino hata moja taya ya chini. Nyoka kipofu na Feylinia, walio wa hapa nyumbani, ni vielelezo bora vya kulinganishia.

Kukusanya mnyama pori kunahitaji leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, na idhini ya upande wa wanyamapori, KWS pamoja na WRTI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori iliyoko Naivasha. Kuomba kusoma vilivyopo kwenye mkusanyiko wa Makumbusho ya Taifa, Nairobi, mara nyingi ni busara zaidi. Kupasua au kupaka rangi kielelezo cha makumbusho kunahitaji ruhusa ya maandishi.

Na DNA ichukuliwe mwanzo, hata kama hukupanga kuitumia: kipande cha ini au msuli wa mkia kwenye ethanoli ya asilimia 95, kabla ya formalini.

Kwa hali yako

Una mnyama mmoja tu, au ni wa makumbusho: CT, au usimguse. Kama CT haipatikani, piga picha za nje, chukua tishu ukiruhusiwa, umwache.

Una vielelezo 3 au zaidi vya spishi moja: kausha fuvu moja kwa ajili ya meno na vipimo, paka rangi kingine kwa gegedu, hifadhi cha tatu kizima kiwe cha kurejelea.

Huna kielelezo wala kibali, na muhula una wiki 12: tumia picha za CT zilizo wazi. Chagua fuvu 2 au 3 zenye kichwa cha umbo moja lakini familia tofauti, mfano Rhineura na Monopeltis, ukiikuta. Ulinganisho huo unaingia moja kwa moja kwenye ubishi wa mifupa na DNA.

Unasoma wanyama wachanga au ekstrakolumela: rangi, hata kama CT iko karibu.

Unafundisha shule ya upili Kisumu au Nakuru: tafuta mfano wa STL na uuchapishe kwa printa ya 3D ukiwa umekuzwa mara 10, uweke kando ya fuvu kavu la mjusi wa mawe (Agama). Wanafunzi wataona kwa macho yao pale tao la mfupa lilipotoweka.

Swali lako ni nani ndugu wa nani: hakuna njia kati ya hizi inayotosha peke yake. Chagua CT kwa sababu inatoa alama nyingi za mifupa kwa kila fuvu, kisha uziweke kwenye mti uliojengwa kwa DNA uone zipi zimetokea mara moja na zipi zimejirudia.